Skrubu Iliyoshika na Hesabu ya Jioni

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu chenye unene wa milimita 6 tu: skrubu inayoshikilia kava la injini ya pikipiki. Nimeichagua kwa sababu inawalia vijana wetu pesa kila siku, na kwa sababu injini nyingi zinazokufa katika mkoa huu wa Katavi zingeishi kama kava lingefunguliwa kwa wakati wake.

Nianzie ndani ya injini, ndipo tutaelewa kwa nini kava lifunguliwe.

Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki iitwayo CG125. Ilibuniwa kwa ajili ya nchi kama yetu, ambako pikipiki hubeba mzigo mkubwa, hupita njia mbovu na hukaa muda mrefu bila kuonwa na fundi. Injini yake ilikuwa rahisi na ngumu kufa, na baadaye viwanda vya China vilichukua umbo lake na kulizaa upya chini ya majina mengi. Ndiyo maana ukikaa kijiweni Makanyagio au Kashaulili hapa Mpanda, ukatazama pikipiki za Kichina zilizozeeka zikipita, nyingi zina damu ya CG hata kama tangi limeandikwa jina jingine.

Injini hiyo haina filta ya oili ya karatasi kama ya gari. Nyuma ya kava la kulia, upande wa klachi, kuna kikombe kidogo cha chuma kilichofungwa kwenye ncha ya kranki. Kinazunguka kwa kasi ile ile ya injini, oili inapita ndani yake, na uchafu mzito unarushwa pembeni na kuganda ukutani mwa kikombe. Oili safi inaendelea na safari yake. Ni akili kubwa iliyofichwa mahali padogo. Lakini kikombe hicho hakijisafishi. Lazima mtu afungue kava, afungue na kikombe chenyewe, akwangue tope jeusi lililoshindiliwa humo. Usipofanya hivyo, tope linajaa mpaka ukutani hapabaki nafasi, na kuanzia siku hiyo uchafu unapita moja kwa moja kwenda kwenye beringi.

Sasa fikirieni vumbi letu. Kuanzia Mei hadi Oktoba, njia za kwenda Mishamo, Karema au machimbo ya Dirifu na Ibindi zina vumbi jekundu linaloingia kila mahali. Pikipiki inabeba magunia ya mpunga kutoka Mpimbwe, ndoo za asali kutoka Inyonga, abiria wawili na mtoto. Kikombe kile ndicho kingepaswa kusafishwa zaidi hapa kuliko mahali pengine. Na hapa ndipo hakisafishwi. Muulize mwendeshaji kwa nini, atakuambia: kava halifunguki, skrubu zimeshika.

Kwa nini zinashika? Kava na mwili wa injini ni alumini, skrubu ni chuma. Metali hizo mbili zikigusana na maji yakaingia katikati, hasa maji yenye chumvi au sabuni, alumini huanza kuliwa polepole. Kinachobaki ni unga mweupe, na unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyokuwapo. Unajaza nyuzi za skrubu na kuibana kutoka pande zote. Mvua zetu zinaanza Novemba na kwenda hadi Aprili; muda wote huo maji na matope ya mbuga yanakaa kwenye vichwa vya skrubu. Kisha kiangazi kinakuja na kukausha kila kitu mahali pale pale. Ukiongeza poda ya kufulia tunayomwagia injini pale tunapooshea, kazi imekamilika. Sabuni kali haiipendi alumini hata kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawakuambiwa, na ningependa walisikilize vizuri. Pikipiki za zamani za Japani, zile Honda XL na CG za mwanzo, Yamaha DT, Suzuki TF, ambazo mabwana shamba, wauguzi na makatekista walizipanda enzi Katavi ikiwa bado sehemu ya Rukwa, kabla ya mkoa huu kuzaliwa mwaka 2012, zina skrubu za nyota kwenye kava. Nyota hiyo ukiitazama haraka ni kama nyota nyingine zote. Siyo.

Bisibisi ya nyota inayouzwa kwenye maduka yetu ya vifaa ni ya aina ya Phillips, jina la Mmarekani Henry Phillips aliyepata hataza zake mwaka 1936. Ncha yake imechongwa mteremko, na mabega yake yana mviringo kidogo. Ukikaza sana, inapanda yenyewe na kuruka nje ya kichwa. Kwenye mashine za kiwandani tabia hiyo haisumbui sana. Lakini Wajapani walitengeneza nyota yao wenyewe chini ya viwango vyao, JIS, yenye pembe kali na kina kifupi. Ukiingiza Phillips kwenye nyota ya Japani, ncha inagusa chini kabla mbavu hazijashika pembeni. Unasukuma, unazungusha, inaruka, na kila inaporuka inakwangua chuma. Ikiruka mara tatu, nyota imeliwa na limebaki shimo la duara. Skrubu nyingi za Japani zina kitone kidogo kichwani, pembeni ya nyota, na hicho ndicho kitambulisho chake. Ukikiona, weka chini bisibisi ya kawaida. Kama ya Japani haipatikani, chukua bisibisi nzuri ya namba 3, isugue ncha kwenye jiwe la kunolea, uipunguze kidogo sana mpaka mbavu zikae chini kabisa bila kucheza. Kazi ya dakika chache, na hutaiacha tena.

Kwa hiyo nasema wazi: skrubu nyingi zilizoharibika hapa Mpanda hazikuharibiwa na kutu. Ziliharibiwa na mzunguko wa kwanza, wa fundi aliyekuwa na haraka na bisibisi isiyokaa.

Na haraka hiyo ina mwenyewe. Kijana anayeendesha pikipiki ya mtu anadaiwa hesabu kila jioni, yaani pesa ya kumkabidhi mwenye pikipiki. Aliye kwenye mkataba wa kulipa mpaka pikipiki iwe yake ana hesabu na ana tarehe ya kumaliza. Pikipiki ikilala gereji, hesabu hailali. Anafika kwa fundi saa nne asubuhi, anasema, fundi, nifungulie hapa nataka saa sita niwe barabarani. Fundi naye ana watoto. Akisema iache mpaka kesho, mteja anahamia kwa fundi wa mti wa pili. Basi anachukua bisibisi, anachukua nyundo, na mchezo unaanza. Mimi simlaumu fundi huyo peke yake, wala kijana. Nazungumza na wewe mwenye pikipiki, bosi, baba au mama uliyetoa pesa yako kuinunua: isamehe hesabu ya siku moja. Skrubu iliyoshika inahitaji usiku mmoja wa kulowa mafuta. Usiku huo ukiunyima, utanunua kava, na pengine utanunua injini nzima.

Usiku huo unafanyika hivi. Osha injini, iache ikauke. Chukua sindano nene au msumari mwembamba, utoe udongo wote uliojaa ndani ya kila nyota, mpaka uone chuma chini. Watu wanaruka hatua hii na sielewi kwa nini, maana bisibisi iliyokaa juu ya udongo haijashika kitu. Piga brashi ya waya kuzunguka vichwa. Kisha weka mafuta ya kulegeza kutu. Kama hayapo, dizeli au mafuta ya taa yanasaidia, ila yanapenya polepole. Wengine huchanganya oili ya gia ya otomatiki, ile nyekundu, na asetoni kwa kiasi sawa. Ni mchanganyiko mzuri, lakini unawaka upesi, usiuweke karibu na sigara wala jiko. Ilaze pikipiki ubavu kama unaweza, ili mafuta ya kulegeza yakae juu ya vichwa na kushuka, lakini funga kwanza bomba la petroli na toa tangi au hakikisha halivuji. Weka jioni, rudia usiku, rudia alfajiri.

Asubuhi, kabla ya kuzungusha chochote, weka bisibisi iliyokaa sawasawa na uigonge kwa nyundo kutoka juu, mapigo mawili matatu ya maana. Pigo hilo linavunja unga ulioganda kwenye nyuzi, na linazamisha ncha ndani ya nyota. Kisha jaribu kukaza kidogo sana, kana kwamba unataka kuifunga zaidi. Ikisogea hata kwa unywele, umeshinda. Rudi upande wa kufungua, ukienda mbele na nyuma.

Ikikataa, ndipo inakuja bisibisi ya kugongwa, ile mafundi huiita impakti. Ni kipande kizito cha chuma, unakigonga nyuma kwa nyundo, na ndani yake pigo linageuka kuwa mzunguko. Wakati huo huo linaikandamiza ncha chini isiruke. Kwa skrubu za kava sijaona kifaa kinachokishinda. Hakikisha umekigeuza upande wa kufungua, maana kina pande mbili, na usikigonge ovyo kwenye sikio jembamba la kava, maana alumini ya kusubu hupasuka. Bei yake haitishi ukilinganisha na bei ya kava, lakini vijiwe vingi nilivyopita havina hata kimoja. Vijana wa kijiwe wanachangiana misiba, wanachangiana harusi, wana mfuko wa faini. Mnaweza kuchangia impakti moja ikakaa kwa fundi wenu, na bisibisi mbili za nyota zilizonolewa vizuri. Nawaomba mlizungumze kwenye kikao kijacho.

Tuje kwenye moto. Alumini ikipashwa joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukipasha kava kuzunguka skrubu, tundu linapanuka kuliko skrubu, na ule unga unapoteza mshiko wake. Lakini moto una masharti. Oili iwe imemwagwa. Tangi liwe limetolewa na kupelekwa mbali, na mafuta yote uliyoyapaka usiku yawe yamefutwa na kukauka. Tumia moto mdogo, wa jiko dogo la gesi lenye kichwa cha kushika mkononi, uuzungushe, usiukazie mahali pamoja. Dondosha tone la maji kwenye kava. Likichemka na kurukaruka, inatosha, weka impakti sasa hivi kabla chuma nacho hakijapata joto. Usikubali moto wa mtungi wa kuchomelea. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi, na haiwi nyekundu kwanza kukuonya kama chuma. Unaitazama iko vilevile, ghafla inadondoka. Na hata kabla ya hapo, sili za mpira zilizo ndani zinakuwa zimekwisha.

Kama nyota imeshaliwa na hakuna cha kushika, bado usikate tamaa. Chukua tindo kali, kata mtaro mdogo kwenye ukingo wa kichwa, kisha inamisha tindo na ugonge kuelekea upande wa kufungua. Vichwa vingi vinavyokataa bisibisi vinakubali hapa.

Vikikataa hata hapo, toboa. Wengi wanaogopa drili, na wana haki ya kuogopa, lakini kwa skrubu ya kava drili ni rafiki, kwa sababu huhitaji kutoboa skrubu nzima, unatoboa kichwa tu. Piga alama katikati kwa senta panchi, anza na keni (ncha ya drili) ndogo ya milimita 3, kisha nenda ya 6. Shuka polepole mpaka kichwa kikatike na kubaki kinazunguka kwenye keni. Hapo simama. Toa skrubu nyingine zote, vuta kava, na utaona shina la skrubu limesimama juu ya mwili wa injini. Sasa nguvu ya kichwa kulibana kava haipo tena, na mara nyingi shina hilo lililokataa impakti linatoka kwa koleo ya kubana, ukizungusha taratibu. Wakati mwingine kwa vidole. Shina likikatika chini kabisa, mpelekee mchomeleaji anayejua alichomee nati juu yake. Joto la kuchomelea lenyewe linasaidia kulegeza. Zile ncha za kung'olea, zinazoingizwa ndani ya skrubu iliyotobolewa, sizipendi kwa skrubu ndogo kiasi hiki. Zinakatika ndani, na ni ngumu kuliko keni yako.

Basi skrubu zote zimetoka, na kava bado limegoma. Usichukue bisibisi bapa ukaichomeka katikati ya maungio. Nawasihi. Alama moja ya bisibisi kwenye uso ule ni mvujo wa oili utakaokaa na pikipiki mpaka itakapouzwa. Tafuta kwanza skrubu iliyosahaulika. Mara nyingi iko moja chini ya tope, au nyuma ya mguu wa kiki. Kama hakuna, kinacholishika ni gaskiti iliyogandana, au mirija miwili mifupi ya chuma inayoelekeza kava mahali pake, nayo hushika kutu. Gonga kwa nyundo ya mpira au kipande cha mbao kuzunguka masikio ya kava, upande huu na upande ule, mpaka usikie sauti ikibadilika. Upande wa kulia, hakikisha umelegeza waya wa klachi na kutoa mguu wa kiki. Upande wa kushoto, kwenye injini nyingi sumaku inaivuta koili iliyo ndani ya kava, kwa hiyo litarudi kwa nguvu kama mtu anayelivuta ndani. Livute moja kwa moja kuelekea kwako, usilipindishe, na ulinde vidole.

Kava likiwa mkononi, chukua kipande cha boksi, uchore umbo lake, na uchomeke kila skrubu mahali ilipotoka. Skrubu za kava hazina urefu mmoja. Ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inagota chini kabla ya kubana, fundi anaongeza nguvu, na tundu linapasuka. Fupi ikiingia kwenye tundu la ndefu inashika nyuzi mbili tatu na kuzing'oa. Nyuzi zikishakufa, kuna dawa ya kutoboa na kuweka koili ya waya yenye nyuzi mpya za milimita 6, au kupanda kwenda milimita 8 kwa keni ya 6.8. Ya kwanza ni bora, kwa sababu ya pili inapunguza nyama ya alumini pembeni ya tundu. Zote mbili zinataka fundi mwenye tepu ya kuchonga nyuzi na subira. Mafunzo ya ufundi wa aina hii yanatolewa kwenye chuo cha VETA hapa Mpanda, na mzazi mwenye kijana anayependa vyuma afikirie kumpeleka.

Sasa safisha kile kikombe. Kwangua tope lote, futa kwa petroli kidogo na kitambaa kisichoacha nyuzi, rudisha. Kwangua gaskiti ya zamani kwa wembe uliolazwa, bila kukata alumini. Kata mpya kwa karatasi ya gaskiti, na ukitumia gundi ya silikoni weka utando mwembamba tu, kwa sababu inayozidi inafinywa ndani, inakatika vipande na kwenda kuziba njia za oili. Injini iliyokufa kwa gundi ya fundi inauma kuliko iliyokufa kwa uzee.

Usirudishe skrubu za zamani za nyota. Nunua bolti za milimita 6 zenye kichwa cha pembe sita au za alenki, urefu ule ule uliopima kwenye boksi. Kila moja ipake grisi kidogo kwenye nyuzi. Ile yenye shaba ndani ni nzuri zaidi, lakini hata ya kawaida inazuia maji. Kaza kwa kuvuka, hii kisha ile iliyo mkabala nayo, kwa awamu mbili. Nguvu inayotakiwa ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani: sawa na kilo 10 zikining'inia kwenye spana yenye urefu wa sentimita 10. Shika spana karibu na kichwa, ukaze kwa kiganja, usikaze kwa bega.

Wakati mzuri wa kufanya haya yote ni Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, injini ikiwa kavu. Wenye pikipiki, pangeni siku hiyo na vijana wenu sasa. Oili mpya ikishaingia, washa injini, iache ingurume mpaka ipate joto, izime, kisha pitisha kidole kuzunguka maungio yote ya kava. Kidole kikitoka kikavu, kijana aende barabarani. Kikitoka na oili, usiongeze nguvu kwenye bolti, fungua tena na uitazame gaskiti.